Madam C. J. Walker: dobi aliyetajirika kwa nywele za kipilipili

Anapotajwa Madam C. J. Walker, Mmarekani mweusi aliyefariki dunia mwaka 1919, mara nyingi husemwa kuwa ndiye aliyebuni chanuo la moto la kunyooshea nywele. Habari hiyo si ya kweli. Machanuo ya chuma ya kupashwa moto yalikuwa yakitumika Ulaya na kuuzwa Marekani kabla yeye hajaingia katika biashara hiyo. Isitoshe, mwenyewe hakupenda kabisa kuitwa mnyoosha nywele. Alitaka ajulikane kuwa aliponya ngozi ya kichwa, na kwamba aliwapatia wanawake weusi kazi nyingine mbali na kufua nguo za watu.

Mtoto wa mashamba ya pamba

Alizaliwa tarehe 23 Disemba mwaka 1867 huko Delta, katika jimbo la Louisiana, akapewa jina la Sarah Breedlove. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa watumwa katika shamba la pamba, na Sarah alikuwa wa kwanza miongoni mwa watoto wao kuzaliwa akiwa huru. Uhuru huo haukuja na mali wala shule. Alipofikia umri wa miaka saba alikwisha kufiwa na baba na mama, na akalelewa na dada yake, Louvenia, ambaye alihamia naye Vicksburg, ng'ambo ya mto Mississippi. Shemeji yake alikuwa mtu mkatili, na Sarah aliolewa akiwa na miaka 14 ili apate pa kukimbilia. Mwaka 1885 alijifungua mtoto wake pekee, Lelia. Miaka miwili baadaye akawa mjane.

Alimchukua binti yake wakaenda St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Huko Sarah aliinamia karai la kufulia kwa miaka mingi, akilipwa takriban dola moja na nusu kwa siku, na kutokana na fedha hizo akamsomesha Lelia.

Nywele zinanyonyoka

Ilikuwa katika miaka hiyo ya 1890 ndipo nywele zake zilipoanza kunyonyoka, hata sehemu za kichwa zikabaki upara. Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za Marekani wakati huo hazikuwa na maji ya bomba, na watu, weusi kwa weupe, waliosha vichwa mara chache mno. Mba na vidonda vya ngozi ya kichwa vilienea, na sabuni kali zilizidisha balaa.

Nywele za kipilipili zina udhaifu wake pia. Unywele wenyewe ni bapa kiasi na umejisokota, na kila unapojipinda ni rahisi kukatika. Mafuta ya asili yanayotoka katika ngozi huteremka bila taabu kwenye nywele za singa, lakini katika nywele zilizojisokota hayafiki mbali. Kwa hiyo hukauka. Anayezichana kwa nguvu zikiwa kavu huzikata mwenyewe. Haya leo yanafahamika kwa msusi yeyote. Wakati ule viwanda vya vipodozi vya Marekani vilikuwa vya wazungu, na nywele za aina hii hazikuwashughulisha.

Sarah alijaribu dawa mbalimbali, zikiwemo za Annie Turnbo, mwanamke mweusi aliyekuwa na biashara yake ya mafuta ya nywele mjini St. Louis, na baadaye akawa wakala wake. Mwaka 1905 alihamia Denver, jimbo la Colorado, akafanya kazi ya upishi na huku akiuza dawa hizo. Mwanzoni mwa mwaka 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyeufahamu vyema utangazaji wa magazetini. Bibi huyo akaanza kuuza marhamu yake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker.

Alikuwa akisimulia kwamba mchanganyiko wa marhamu hiyo alifunuliwa ndotoni na mtu mkubwa mweusi, na kwamba kiungo kimojawapo kilimea Afrika, akakiagiza kutoka huko. Simulizi hiyo iliwavutia wanunuzi, na pengine hilo ndilo lililokuwa kusudi lake. Kiungo muhimu kilikuwa salfa, ambayo wauza dawa walikwisha kuitumia kutibu ngozi tangu zamani, na ambayo pia ilikuwamo katika dawa za Annie Turnbo. Annie alimshutumu kuwa ameiga kazi yake, na uhasama wa wanawake hao wawili haukwisha.

Mawakala

Tofauti ya Bibi Walker ilikuwa katika kuuza na kufundisha. Alitembea mji hadi mji, akionyesha kazi yake makanisani na majumbani. Kwanza alikiosha kichwa vizuri, kisha akapaka marhamu kwenye ngozi, akapiga brashi, na mwisho akapitisha chanuo la moto lenye meno mapana juu ya nywele zilizopakwa mafuta. Joto hulainisha nywele na kuzinyoosha kwa muda tu. Zikipata maji au jasho hurudi zilivyokuwa. Kwa hiyo mteja naye hurudi.

Mwaka 1908 alifungua chuo cha ususi mjini Pittsburgh, akakipa jina la binti yake. Mwaka 1910 alihamishia makao yake Indianapolis, akajenga kiwanda. Aliachana na mumewe yapata mwaka 1912, lakini jina la mume hakuliacha: lilikuwa limekwisha kuchapwa kwenye makopo, pamoja na picha yake mwenyewe. Mwaka 1913 alisafiri hadi Jamaika, Kuba, Haiti, Kosta Rika na Panama kutafuta masoko. Kampuni ilidai kuwa na maelfu ya mawakala, wengi wao waliowahi kuwa madobi, wapishi na watumishi wa majumbani.

Si wote waliofurahia. Booker T. Washington, kiongozi mashuhuri wa Wamarekani weusi, aliwadharau wauzaji wa dawa za nywele kwa kuona kuwa wanawafundisha watu weusi kuwaiga wazungu. Mwaka 1912, katika mkutano wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago, alikataa kumpa Bibi Walker nafasi ya kuzungumza. Siku ya mwisho mwanamke huyo alisimama bila ya kuitwa. Akaueleza mkutano kuwa ametoka kwenye mashamba ya pamba, akapanda hadi kwenye karai la kufulia, kisha jikoni, na kwamba hatua ya kuingia katika biashara alijipandisha mwenyewe. Kiwanda alichonacho amekijenga katika ardhi yake. Mwaka uliofuata Washington alimkaribisha kuwa miongoni mwa wasemaji.

Fedha na siasa

Julai mwaka 1917 watu weusi wengi waliuawa na magenge ya wazungu katika mji wa East St. Louis. Bibi Walker, ambaye wakati huo aliishi Harlem, New York, alikwenda Ikulu mjini Washington pamoja na viongozi wengine wa Harlem kudai sheria dhidi ya mauaji ya namna hiyo. Rais Woodrow Wilson hakuwapokea. Waliambiwa ana shughuli nyingi. Mwezi huohuo wa Agosti mawakala zaidi ya 200 walikutana Philadelphia, na kabla ya kutawanyika wakampelekea rais huyo simu ya maandishi ya kulaani mauaji. Wanawake walioitwa kuzungumzia mafuta ya nywele!

Madam Walker alifariki tarehe 25 Mei mwaka 1919 kwa maradhi ya figo na shinikizo la damu, akiwa na umri wa miaka 51, katika jumba lake la Villa Lewaro kando ya mto Hudson. Wengi humtaja kuwa milionea wa kwanza wa kike wa Marekani aliyejitafutia mali mwenyewe, ingawa hesabu za mirathi hazikufikia dola milioni moja. Muda mfupi kabla ya kifo chake aliahidi dola 5,000 kwa mfuko wa kupambana na mauaji ya watu weusi.

Katika uhai wake hakuuza dawa za kuchubua ngozi; kampuni ilianza kuziuza baada yake. Katika miaka ya 1960 vijana weusi waliposhika mtindo wa kuziacha nywele zilivyo, jina lake liliingizwa katika lawama za chanuo la moto, na wachache walikumbuka makopo ya marhamu. Mwaka 2013 jina hilo la biashara lilinunuliwa na kampuni ya Richelieu Dennis, mzaliwa wa Liberia, aliyetajirika Marekani kwa kuuza sabuni na mafuta ya nywele yenye asili ya Afrika Magharibi. Mwaka 2018 wakfu wake ulinunua na jumba la Villa Lewaro.