Jaji Landis na Mamlaka Yasiyo na Rufani

Kenesaw Mountain Landis alizaliwa Millville, Ohio, mwaka 1866. Jina lake latokana na mlima Kennesaw wa Georgia, ambako baba yake, daktari wa jeshi la Muungano, alijeruhiwa mwaka 1864. Jina lake lina n moja, kwa kuwa wakati huo jina la mlima liliandikwa kwa tahajia zote mbili.

Rais Theodore Roosevelt alimteua mwaka 1905 kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Chicago. Mwaka 1907 aliihukumu kampuni ya Standard Oil ya Indiana kulipa dola 29,240,000 kwa kupokea nauli nafuu za reli kinyume cha sheria. Hesabu ilikuwa nyepesi mno: adhabu ya juu kabisa, dola 20,000, mara mabehewa 1,462. Umma ulimshangilia; mwaka uliofuata mahakama ya rufani iliitengua hukumu, na faini haikulipwa kamwe.

Wakati wa vita ukali huo uliwageukia wanyonge. Mwaka 1918 viongozi na wanachama wa Industrial Workers of the World wapatao mia moja walitiwa hatiani mbele yake, na baadhi yao, akiwamo William Haywood, wakafungwa miaka 20. Msoshalisti Victor Berger alipewa kifungo kama hicho mwaka 1919. Mwaka 1921 Mahakama ya Juu iliibatilisha hukumu ya Berger, kwa kuwa Landis alikataa kujitoa katika kesi ingawa alikuwa ametuhumiwa kuwachukia Wajerumani.

Wakati huo alikwisha kupata kiti kisicho na rufani. Mwishoni mwa 1920 wenye timu za besiboli walimfanya kamishna wa mchezo huo, naye akaendelea na ujaji hadi alipojiuzulu mwaka 1922, baada ya kulaumiwa na chama cha wanasheria wa Marekani. Agosti 1921 baraza la wazee wa mahakama liliwaachia wachezaji wa Chicago walioshtakiwa kuuza mashindano ya 1919. Kesho yake Landis aliwafungia wote wanane maisha.

Alifariki mwaka 1944 akiwa bado kamishna. Katika muda huo wote hakuna mchezaji mweusi aliyeingia katika ligi kuu. Wanahistoria wanabishana kuhusu kiasi cha lawama yake. Lakini hodari huyo wa kufukuza hakuwahi kuutumia uwezo wake kumfungulia mtu mlango. Jackie Robinson aliingia mwaka 1947, chini ya kamishna mwingine.