Miezi Mitano Kitini: Siku za Mwisho za Ellen G. White

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Zaburi 71:9, 17, 18, Mhubiri 12:1–7, 2 Wakorintho 4:16–18, 2 Wakorintho 12:7–10, 2 Timotheo 1:12.

Sabato ya tarehe 13 Februari 1915, Ellen G. White alikuwa akiingia katika chumba chake cha kuandikia, ghorofani katika nyumba yake iliyoitwa Elmshaven, karibu na St. Helena, California. Alikuwa na umri wa miaka 87. Akajikwaa, akaanguka. May Walling, binti wa ukoo wake ambaye alikuwa amemlea tangu utotoni, alisikia kishindo akaja mbio, akamsaidia kufika kitandani.

Alipelekwa katika hospitali ya kanisa iliyokuwa jirani ili apigwe picha ya eksirei. Picha ilionyesha kuwa shingo ya mfupa wa paja la kushoto, pale unapoingia nyongani, ilikuwa imevunjika. Kwa mtu wa umri ule, hilo lilikuwa jambo zito. Mfupa uliovunjika mahali hapo hauungi kwa urahisi, na siku zile upasuaji wa kuushikiza kwa chuma ulikuwa bado haujawa tiba ya kawaida. Akarudishwa nyumbani, akatunzwa na wauguzi. Miongoni mwao alikuwamo Sara McEnterfer, aliyekuwa mwenzi wake wa safari kwa miaka mingi.

Hii haikuwa mara yake ya kwanza kuumia vibaya. Alipokuwa na umri wa miaka 9, huko Portland, Maine, alikuwa akirudi nyumbani kutoka shuleni pamoja na Elizabeth, pacha wake. Msichana mmoja aliyekasirika akarusha jiwe, nalo likampiga usoni. Alilala bila fahamu kwa muda wa majuma matatu. Baba yake, aliporudi kutoka safarini, hakumtambua kwa jinsi sura yake ilivyokuwa imeharibika. Mikono yake ilitetemeka hata asiweze kuandika vizuri, na masomo yake ya shule yakakoma. Mtoto huyo ndiye ambaye Bwana alimwita kuwa mjumbe Wake, na mkono ule uliotetemeka ukaandika maelfu ya kurasa.

Baadaye, akiwa Australia mwaka 1892, aliugua kwa miezi kumi na mmoja, akiwa na maumivu makali ya viungo. Kulala kulikuwa shida, kuketi pia. Hata hivyo aliendelea kuandika, na katika miaka ile ya Australia ndipo alipoandaa kitabu cha Tumaini la Vizazi Vyote, kilichotoka mwaka 1898.

Kwa hiyo mwaka 1915 wengi wangeweza kutazamia ainuke tena. Lakini safari hii hakuinuka. Mama huyu, aliyezoea kuamka usiku wa manane ili aandike wakati wengine wamelala, sasa hakuweza kutembea bila kubebwa. Katika kitabu chake Huduma ya Uponyaji alikuwa amefundisha kwamba tunapowaombea wagonjwa tumwachie Mungu uamuzi, kwa kuwa Yeye anajua kama uponyaji ni kwa heri ya mgonjwa na kwa utukufu Wake. Sasa ilimpasa kuliishi fundisho hilo katika mwili wake mwenyewe.

Aliishije? Siku nyingi alitolewa kitandani akaketishwa katika kiti chake, kwenye chumba kile kile cha kuandikia. Karibu naye, juu ya meza, viliwekwa baadhi ya vitabu vyake. Alivichukua mara kwa mara, akavifungua na kuvitazama kwa furaha, kama mama awatazamavyo watoto wake. Waliomhudumia walimsikia akiimba. Hakuwa mtu wa kunung'unika.

Wala hakuacha kuwajali wengine. Tarehe 3 Machi, majuma machache baada ya kuanguka, alizungumza kwa uzito juu ya vijana na mambo wanayoyasoma. Alitaka wapatiwe vitabu vya kuwajenga, na wasipoteze nguvu za akili kwa maandishi yasiyo na faida. Alikiri pia kwamba hakutazamia kuishi muda mrefu na kwamba kazi yake ilikuwa imekaribia mwisho. Lakini hakuonyesha hofu. Mambo ya kanisa aliyaacha mikononi mwa Mungu.

Nguvu zake zikazidi kupungua. Ijumaa, tarehe 16 Julai 1915, saa tisa na dakika arobaini alasiri, alilala usingizi wa mauti kwa utulivu. Sabato ya tarehe 24 Julai alizikwa Battle Creek, Michigan, kando ya mumewe, James White, aliyefariki mwaka 1881. Kitabu cha Manabii na Wafalme, ambacho maandalizi yake yalikuwa karibu kumalizika alipoanguka, kilitoka mwaka 1917.

Mfupa wake haukupona. Hata hivyo, tumaini lililomshika yule mtoto wa miaka 9 lilikuwa bado limemshika yule bibi wa miaka 87. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke, akapewa neema badala yake. Neema hiyo hiyo ilionekana pale Elmshaven kwa muda wa miezi mitano, nayo mfupa wake utaungwa asubuhi ya ufufuo.

Maswali ya Kujadili:

1. Linganisha Zaburi 71:9 na fungu la 18. Mzee anayeomba asitupwe anataka kufanya kazi gani bado?

2. Tunapomwombea mgonjwa na asipone, ni maneno gani humjenga, na ni maneno gani humwongezea jeraha?

3. Katika kanisa lenu, ni mzee gani asiyeweza tena kufika Shule ya Sabato kwa sababu ya kuumia au udhaifu? Darasa lenu litamtembelea lini, na mtamwomba awafundishe nini?