Mansa Musa: Hija iliyoshusha bei ya dhahabu

Leo tunamkumbuka Mansa Musa, aliyeshika utawala wa dola ya Mali, Afrika Magharibi, yapata mwaka 1312. Dhahabu ya machimbo ya Bambuk na Bure ilipitia katika himaya yake kuelekea Afrika Kaskazini na Ulaya.

Mwaka 1324, sawa na 724 Hijiria, alifunga safari ya Hija. Msafara wake wa maelfu ya watu ulivuka Sahara pamoja na ngamia waliobeba shehena za dhahabu. Mjini Cairo alitakiwa kuibusu ardhi mbele ya Sultani al-Nasir Muhammad. Alikataa, na hatimaye aliposujudu alibainisha kwamba anamsujudia Muumba wake.

Akagawa dhahabu kwa wakubwa na wadogo. Wachuuzi nao, walipouona ukarimu wa wageni hao, wakawauzia nguo ya dinari moja kwa dinari tano.

Hapo soko likayumba. Mwanahistoria al-Umari, aliyeulizia habari hizo miaka 12 hivi baadaye, ameeleza kuwa mithqali ya dhahabu, ambayo awali haikupungua dirhamu 25, ilishuka hadi 22 au chini yake, na ilikuwa bado haijapanda. Dhahabu haikuharibika, ilizidi tu. Aliyeweka akiba yake kwa jasho alipata hasara pasi na kosa.

Mfalme mwenyewe aliishiwa. Aliporejea kutoka Makka alilazimika kukopa kwa wafanyabiashara wa Misri, na yasimuliwa kwamba kwa dinari 300 walijipatia faida ya 700.

Pamoja na hayo, alirudi na wanazuoni, vitabu vya fiqhi na al-Sahili wa Andalusia, anayehusishwa na ujenzi wa msikiti wa Djinguereber, Timbuktu, ambao umesimama hadi leo. Alifariki yapata mwaka 1337.

Kanuni ya soko haijabadilika. Mwaka 1999, Uingereza ilipotangaza kuuza sehemu ya akiba yake ya dhahabu, bei ilishuka hata kabla ya mnada wa kwanza.

Nasi tunaohifadhi bangili na mikufu majumbani tuzingatie: thamani ya dhahabu imo mikononi mwa wengi tusiowajua. Na mwenye kutoa, atoe kwa kiasi, asije akawadhuru wasiopokea kitu, wala yeye mwenyewe akaishia katika madeni. Mwenyezi Mungu amrehemu Mansa Musa na amtakabalie Hija yake. Amin.