John Deere: Mhunzi mwenye madeni aliyewafuata wateja wake

Jina la John Deere leo linaonekana kwenye matrekta ya kijani yenye picha ya kulungu anayeruka. Mwenye jina hilo hakuwahi kutengeneza trekta hata moja. Alikuwa mhunzi, na safari yake ya biashara ilianzia kwenye madeni.

Alizaliwa Februari 7, 1804, Rutland, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Baba yake, fundi cherehani, aliondoka kwa meli kwenda Uingereza mwaka 1808 na hakurudi tena. Akiwa na miaka 17, John aliingia kwenye karakana ya mhunzi mjini Middlebury kujifunza kazi.

Alipoanza kujitegemea, karakana yake iliteketea kwa moto. Akajenga nyingine, nayo ikaungua. Wadai walimwandama, huku wakulima waliokuwa wateja wake wakihamia magharibi kutafuta ardhi. Mwaka 1836 Deere aliwafuata. Alimwacha mkewe, Demarius, akiwa mjamzito, akaenda hadi kijiji cha Grand Detour, jimbo la Illinois. Familia iliungana naye mwaka 1838.

Eneo hilo la Mto Rock lilikuwa mbuga pana za nyasi. Wenyeji wake wa kabila la Sauk walikuwa wameshindwa vitani na kufukuzwa mwaka 1832, na walowezi walikuwa wakimiminika. Udongo ulikuwa mweusi na wenye rutuba, lakini ulinata. Plau za chuma cha kusubu walizokuja nazo kutoka mashariki zilijaa tope, na mkulima alilazimika kusimama kila baada ya hatua chache kulikwangua. Wengine walifikiria kurudi walikotoka.

Deere aliyasikia malalamiko hayo kila siku, kwa kuwa plau hizo zililetwa kwake. Mwaka 1837 alichukua kipande cha msumeno mbovu wa chuma cha pua, akakikunja na kukisugua hadi kikang'aa. Plau hiyo ilipita ardhini huku udongo ukiteleza na kuanguka wenyewe.

Wahunzi wa wakati huo walisubiri oda ndipo watengeneze. Deere alitengeneza kwanza, kisha akazipeleka plau vijijini wakulima wazione. Mwaka 1839 aliuza 10, mwaka uliofuata 40.

Tatizo likawa usafirishaji. Grand Detour ilikuwa mbali na njia kuu, hivyo mwaka 1848 alihamia Moline, kando ya Mto Mississippi, ambako meli zingeleta makaa na chuma na kuondoka na plau. Kufikia katikati ya miaka ya 1850 alikuwa akiuza zaidi ya 10,000 kwa mwaka.

Kila mara alibadilisha muundo. Mshirika wake alilalamika kuwa wakulima watanunua tu kilichopo. Deere alishikilia kwamba wasipoboresha wao, mwingine ataboresha na kuwanyang'anya soko.

Msukosuko wa fedha wa 1857 nusura umwangushe, akamkabidhi usimamizi mwanawe, Charles, yule aliyezaliwa baba akiwa safarini. Deere alifariki Moline Mei 17, 1886, akiwa na miaka 82. Kampuni yake iliingia kwenye matrekta mwaka 1918.