Joseph Oller

Joseph Oller (kwa Kikatalunya: Josep Oller i Roca, Terrassa, Hispania, 10 Februari 1839 – Paris, Ufaransa, 19 Aprili 1922) alikuwa mfanyabiashara aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake nchini Ufaransa. Watu wengi wanamkumbuka kama mmoja wa waanzilishi wa ukumbi wa Moulin Rouge, lakini kazi yake iliyoenea zaidi duniani ni mfumo wa kubeti uitwao pari mutuel. Mfumo huo ndio msingi wa trifekta, yaani dau la kutabiri farasi watatu wa kwanza katika mbio.

Maisha ya awali

Oller alizaliwa katika mji wa Terrassa, Katalunya, unaojulikana kwa ufumaji wa vitambaa vya sufu. Alipokuwa bado mtoto, familia yake ilihamia Paris. Baadaye alirudi Hispania kusoma mjini Bilbao. Huko alivutiwa na mapigano ya majogoo, ambako watazamaji walikuwa wakiwekeana dau, akaanza kazi ya kupokea dau za watu. Aliporudi Paris aliingia katika mbio za farasi.

Pari mutuel

Wakati ule kubeti kulikuwa mikononi mwa wapokea dau. Kila mmoja wao alitangaza mapema atakacholipa: kwa farasi huyu mara 3 ya dau, kwa yule mara 10. Mpokea dau alikuwa akishindana na wateja wake mwenyewe. Akikosea kupanga malipo, au farasi aliyependwa na wengi akishinda, hasara ilikuwa yake. Mteja naye hakuwa na uhakika wa kulipwa na mtu aliyezidiwa na madeni.

Mwaka 1867 Oller alileta njia nyingine. Fedha zote za wanaobeti huingia katika mfuko mmoja. Mwandaaji hukata asilimia yake kwanza, halafu kinachobaki hugawiwa walioshinda kulingana na dau la kila mmoja. Tuseme mfuko umekusanya faranga 1,000 na makato ni asilimia 10. Zinabaki faranga 900. Kama farasi aliyeshinda aliwekewa faranga 100 tu, kila faranga 1 italipwa 9. Kama aliwekewa faranga 600, kila faranga 1 italipwa 1.50. Kwa hiyo malipo kamili hayajulikani mpaka mauzo ya tiketi yafungwe, na wanaoyapanga, bila kujua, ni wanaobeti wenyewe.

Ujanja wa mfumo huu ni kwamba mwandaaji hajali farasi gani anashinda. Sehemu yake ameshaichukua. Anayeshinda hulipwa kwa fedha za walioshindwa, si kutoka mfukoni mwa mwenye biashara.

Njia hiyo ilipendwa katika viwanja vya mbio vya Ufaransa, lakini serikali iliiona kuwa kamari tu. Mwaka 1874 Oller alihukumiwa kifungo cha siku 15 kwa kuendesha kamari isiyo halali. Miaka 17 baadaye mambo yaligeuka kabisa. Sheria ya tarehe 2 Juni 1891 iliruhusu pari mutuel katika viwanja vya mbio, na waliozuiwa sasa wakawa wale wapokea dau wa kutangaza malipo mapema. Sheria hiyo iliagiza pia kwamba sehemu ya makato iende kwenye kazi za hisani na ufugaji wa farasi. Kwa serikali, mfumo wenye asilimia inayojulikana ulikuwa rahisi kuusimamia kuliko watu wengi waliopanga malipo kila mmoja kivyake.

Kumbi za burudani

Baada ya kesi yake Oller aligeukia zaidi burudani, na hapa pia alifanikiwa sana. Alifungua kumbi za maonyesho, bwawa la kuogelea mtaa wa Rochechouart, na mwaka 1886 sarakasi ya Nouveau Cirque, ambayo uwanja wake uliweza kujazwa maji kwa maonyesho ya majini. Katika sarakasi hiyo alipata umaarufu Rafael Padilla, mchekeshaji mweusi mzaliwa wa Kuba aliyeitwa Chocolat, ambaye anastahili makala yake mwenyewe.

Tarehe 6 Oktoba 1889, mwaka uleule wa kufunguliwa kwa mnara wa Eiffel, Oller na mwenzake Charles Zidler walifungua Moulin Rouge chini ya kilima cha Montmartre. Mwaka 1893 Oller alifungua Olympia, ukumbi wa muziki ambao bado unatumika.

Kifo na urithi

Oller alifariki Paris akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise.

Mfumo wake ulikuwa umeshavuka mipaka ya Ufaransa. Ugumu wake ulikuwa hesabu: kujumlisha maelfu ya tiketi katika dakika chache kabla ya mbio. Mwaka 1913 mashine kubwa ya kujumlisha dau, iliyobuniwa na mhandisi George Julius, ilianza kazi katika uwanja wa Ellerslie, Auckland, New Zealand.

Mwaka 1954 André Carrus alianzisha nchini Ufaransa dau la tiercé, ambalo ni namna ya trifekta: mtu huchagua farasi watatu wa kwanza. Akipatia mpangilio kamili hulipwa zaidi, na akipatia farasi walewale kwa mpangilio mwingine hulipwa kidogo. Katika nchi nyingine trifekta hulipa mpangilio kamili tu.

Hapa ndipo faida ya wazo la Oller inapoonekana. Mbio za farasi 10 zina mipangilio 720 ya watatu wa kwanza (10 × 9 × 8). Za farasi 16 zina 3,360. Mpokea dau wa zamani angelazimika kukadiria malipo ya kila mpangilio. Katika mfuko wa pamoja hakuna anayekadiria chochote. Huhesabiwa tu tiketi zilizopatia. Wakishinda farasi watatu waliopendwa na wengi, tiketi hizo huwa nyingi na malipo huwa madogo. Akiingia mmoja asiyetarajiwa, watu wachache hugawana fedha nyingi.

Mbeti asiyejua mpangilio anaweza kununua mipangilio yote 6 ya farasi wake watatu, lakini hulipia dau 6 na ni moja tu itakayolipwa kwa mpangilio kamili. Na kwa kuwa makato hutolewa kabla ya kugawa, wanaobeti wote kwa jumla hurudishiwa pungufu ya walichoweka.