Jimi Hendrix, mpiga gitaa aliyejifunza kwa kusikiliza

Jimi Hendrix, mzaliwa wa Seattle nchini Marekani, hakujua kusoma noti za muziki. Gitaa lake la kwanza lilinunuliwa kwa dola 5. Alisikiliza santuri za blues, akitafuta kila sauti kwenye nyuzi hadi aipate.

Mwanzoni mwa 1968, mjini London, alianza kurekodi « All Along the Watchtower », wimbo wa Bob Dylan. Mpiga besi wake, Noel Redding, aliondoka studio kabla kazi haijaisha. Hendrix akapiga besi mwenyewe, pamoja na gitaa. Baadaye hata Dylan, mwenye wimbo, alianza kuupiga kwa namna ya Hendrix.

Hendrix alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na miaka 27 tu.