Ian Murdock: kijana aliyeanzisha Debian na kuacha kazi isiyo na mwenyewe

Ariwara, Ituri. Katika mji huu wa biashara wa wilaya ya Aru, karibu na mipaka ya Uganda na Sudan Kusini, programu za kompyuta mara nyingi husafiri kama bidhaa nyingine za sokoni: zinatoka mkono kwa mkono, ndani ya flashi. Anayepokea hajui programu ilitoka wapi, nani aliigusa njiani, wala kama imebeba virusi. Akiiweka kwenye kompyuta, huenda ikakataa kufunguka kwa sababu inadai programu nyingine ambayo yeye hana.

Shida hiyo ni ya zamani, na aliyeishughulikia kuliko wengi alikuwa mwanafunzi wa miaka 20 tu. Jina lake Ian Murdock, Mmarekani aliyefariki mwaka 2015. Kazi aliyoianza inaendelea hadi leo, na mkaaji wa Ariwara anaweza kuitumia bila kulipa hata faranga moja.

Mtoto wa mtaalamu wa wadudu

Ian Murdock alizaliwa tarehe 28 Aprili 1973 katika mji wa Konstanz, Ujerumani Magharibi, kwa wazazi Wamarekani. Alipokuwa bado mdogo, familia ilirudi Marekani, katika jimbo la Indiana, ambako baba yake alifundisha elimu ya wadudu kwenye Chuo Kikuu cha Purdue.

Baba huyo, Larry Murdock, kazi yake imefika Afrika kabla ya ile ya mwanawe. Alikuwa mbele katika utafiti ulioanza Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980 juu ya namna ya kulinda kunde dhidi ya wadudu. Utafiti huo ndio uliozaa mifuko ya PICS, yenye tabaka tatu, inayofungwa hewa isiingie. Wadudu wanakosa pumzi, na mavuno yanakaa miezi mingi bila dawa. Wakulima na wachuuzi wa Uganda na Kenya wanaifahamu mifuko hiyo.

Mtoto yeye alivutwa na mashine. Alizoea kompyuta akiwa mdogo kupitia Apple II ya baba yake. Alipoingia Purdue alianza na uhasibu, lakini saa zake nyingi zilikwisha mbele ya kompyuta za chuo, na mwishowe alihitimu katika elimu ya kompyuta mwaka 1996.

Agosti 1993

Miaka miwili kabla, mwaka 1991, mwanafunzi wa Finland aitwaye Linus Torvalds alikuwa ametoa Linux, kiini cha mfumo wa kompyuta ambacho kila mtu aliruhusiwa kukitumia, kukisoma na kukirekebisha. Lakini kiini peke yake hakimsaidii mtu. Kinahitaji mamia ya programu nyingine kukizunguka, na kuzikusanya ilikuwa mateso. Mkusanyo uliotumiwa na wengi wakati huo, SLS, ulikuwa na makosa mengi, na Murdock alichoka nao.

Tarehe 16 Agosti 1993 alitangaza kwamba ataunda mkusanyo mwingine. Aliuita Debian, kwa kuunganisha jina la mchumba wake Debra na jina lake mwenyewe, Ian. Watu hao wawili walioana, baadaye wakaachana, lakini jina lilibaki.

Jambo jipya lilikuwa namna ya kufanya kazi. Murdock hakutaka kuikusanya Debian peke yake. Alitaka watu wengi, kila mmoja mahali pake, wachukue programu moja moja na kuitunza. Ili kazi zao zikutane bila kugongana, kila programu ilipaswa kufungwa kwa utaratibu uleule, katika kifurushi chenye maelezo yake. Kuanzia mwishoni mwa 1994, shirika la Richard Stallman linalotetea programu huru lilimsaidia kwa fedha kwa muda wa mwaka mmoja hivi.

Kifurushi kinachojieleza

Mnamo 1994 Debian ilipata programu ya kusimamia vifurushi, dpkg. Murdock alikuwa miongoni mwa waandishi wake wa mwanzo, kisha Mwingereza Ian Jackson akaiandika upya.

Kazi yake inaeleweka kwa mtu anayenunua paneli ya jua sokoni. Paneli peke yake haiwashi taa. Inahitaji betri, waya na taa zenyewe, na vyote viwe vya nguvu inayolingana. Kifurushi cha Debian kinabeba orodha ya namna hiyo: jina la programu, toleo lake, na programu nyingine zinazohitajika ili ifanye kazi. Kama kimoja kinakosekana, dpkg haikubali kumaliza kazi, na inamwambia mwenye kompyuta kilichokosekana.

Mwaka 1998 ikaja APT, iliyotengenezwa na wenzake wa Debian wakati Murdock ameshaondoka kwenye uongozi. Hiyo huenda yenyewe kutafuta vinavyokosekana. Mtu anaandika amri ya apt update ili kupata orodha mpya ya vifurushi, halafu apt install pamoja na jina la programu anayotaka. Vingine vyote hushushwa na kupangwa kwa zamu. Siku hizi orodha hiyo hutiwa saini ya siri ya Debian, na kifurushi kilichobadilishwa njiani hukataliwa. Hiyo ndiyo kinga ambayo flashi ya sokoni haina.

Kuna pia heshima kwa mwenye mashine. Mipangilio ya programu nyingi huwekwa katika faili zinazosomeka, ndani ya folda iitwayo /etc. Tuseme mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala amebadilisha faili mojawapo ili printa yake ifanye kazi vizuri. Toleo jipya likija na faili tofauti, mfumo haumfutii kazi yake kimyakimya. Unamuuliza kama anataka kubaki na faili yake au kuchukua mpya, na anaweza kutazama tofauti kabla ya kujibu.

Kuachia wengine

Machi 1996, Murdock alimwachia Bruce Perens uongozi wa Debian. Alikuwa hajafikisha miaka 23. Mwezi Juni mwaka huo likatoka toleo la 1.1, likiwa na vifurushi 474.

Yeye aliendelea kutafuta namna ya kuishi kwa kazi hiyo. Alianzisha kampuni ya Progeny huko Indianapolis, iliyojaribu kufanya biashara kwa kutegemea Debian. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2007. Mwaka huohuo aliingia Sun Microsystems, akaongoza mradi wa kuufanya mfumo wao wa Solaris uwe rahisi kwa watumiaji, nao ukapewa msimamizi wake wa vifurushi. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, aliondoka. Alifanya kazi Indiana kwa miaka kadhaa, na Novemba 2015 akajiunga na kampuni ya Docker huko San Francisco.

Hakukaa hata miezi miwili. Siku zake za mwisho zilikuwa za msukosuko. Alifariki San Francisco tarehe 28 Desemba 2015, akiwa na miaka 42. Miezi kadhaa baadaye, wachunguzi wa mji huo walihitimisha kwamba alijitoa uhai. Juni 2017, wenzake walitoa Debian 9 na kuitoa kwa ukumbusho wake.

Kilichobaki

Kampuni alizopitia zimefungwa, zimenunuliwa au zinaendelea na mambo yake. Debian, ambayo hakuiuza, imekua. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, lina vifurushi karibu 70.000, vinavyotunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Mwaka 2013, baadhi ya kompyuta za wanaanga kwenye kituo cha kimataifa cha anga zilihamishiwa kwenye Debian.

Oktoba 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian. Jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu huru inaruhusu mtu yeyote kuitafsiri.

Kwa mtu wa Ariwara, kikwazo kikubwa ni intaneti. Kushusha vifurushi vyote kunakula mega nyingi, na mtandao haukai sawa. Lakini Debian hutoa pia nakala za diski za DVD. Mtu mmoja akizishusha mara moja, Bunia au ng'ambo Arua, anaweza kuzileta kwa basi au pikipiki, na APT itazisoma kama inavyosoma intaneti. Vifurushi vilivyokwisha kushushwa kwenye kompyuta moja vinaweza pia kunakiliwa na kuwekwa kwenye nyingine kwa dpkg. Jambo la kuangalia ni kwamba kompyuta zote mbili ziwe na toleo lilelile la Debian, na kwamba nakala ya diski ihakikiwe kwa saini yake kabla ya kugawiwa kwa wengine.

Kila tarehe 16 Agosti, watumiaji wa Debian katika nchi mbalimbali hukutana kuadhimisha siku ambayo mwanafunzi yule wa Purdue alitangaza nia yake. Kujiunga nao hakuhitaji ada wala barua ya ruhusa. Anayejua kutunza kifurushi kimoja vizuri ana nafasi yake.